Dawa Ikibadilika Jina: Maabara Inatafuta Nini Katika Uji wa Mtoto

Mtoto akitimiza miezi 6, wahudumu wa kliniki humshauri mama aanze kumpa chakula cha nyongeza huku akiendelea kumnyonyesha. Huko Ndara, kama kwingine upande wa Sagalla na Voi, chakula hicho huanza na uji. Mahindi huwa ya shamba la nyumbani mvua ikiitika, au ya soko la Voi ikikataa. Baada ya wiki chache huongezwa viazi vilivyopondwa, ndizi ya Taveta, mboga za Wundanyi na kipande cha nyanya. Vingi kati ya vyakula hivyo vimepita, mahali fulani, kwa mkulima mwenye pampu ya dawa mgongoni au kwa mfanyabiashara mwenye pakiti ya dawa ya ghala.

Hilo pekee si kosa. Nyanya isiyopigwa dawa msimu wa mvua huoza kabla ya kufika sokoni, na mahindi yasiyohifadhiwa huwa unga wa wadudu kabla ya Krismasi. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza: dawa hiyo ikishafanya kazi yake huenda wapi? Na mtu wa maabara akitaka kujua kama imefika kwenye kikombe cha mtoto, hutafuta nini?

Jibu huwashangaza wengi. Mara nyingi hatafuti tu dawa iliyonunuliwa dukani. Hutafuta pia kile ambacho dawa hiyo imegeuka kuwa.

Haipotei, hugeuka

Dawa ya wadudu au ya kuvu haikai ilivyo milele. Jua huivunja, maji huivunja, vijidudu vya udongoni huila, mmea wenyewe huisaga ndani ya majani yake, na moto wa jikoni humalizia. Vipande vinavyozaliwa hapo wataalamu huviita metaboliti. Vingi havina nguvu tena, na hiyo ndiyo sababu lebo hutaja siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Vingine, hata hivyo, hubaki na nguvu ileile, na vichache huwa vikali kuliko dawa vilikotoka.

Kenya ililipa gharama ya somo hili kwenye soko la mboga la nje. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba shehena 1 kati ya kila 10 za maharagwe mabichi na njegere kutoka Kenya ipimwe mpakani kabla ya kuingia. Sababu ilikuwa dawa ya wadudu ambayo lebo huiandika dimethoate, nasi hapa tutaiita dimethoeti. Ndani ya mmea dimethoeti hugeuka kuwa omethoeti, ambayo ni sumu kali zaidi. Kwa sheria ya huko, dawa na kizazi chake vilijumlishwa katika kipimo kimoja. Mkulima aliyeapa kwamba hajawahi kununua omethoeti maishani mwake alikuwa akisema kweli, na bado mzigo wake ungeweza kukataliwa. Alinunua dawa moja, na shamba likamtengenezea ya pili.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sufuria. Dawa ya kuvu inayotumiwa sana kwenye nyanya na viazi ni mankozebu, ambayo kwenye pakiti huandikwa mancozeb. Ni unga unaokaa juu ya jani na juu ya tunda, wala hauingii ndani sana. Ukichemshwa, sehemu yake hugeuka kuwa kemikali iitwayo ethilinithiourea, kwa kifupi ETU. Hii huvuruga kazi ya thairoidi, tezi iliyo shingoni. Homoni za tezi hiyo ndizo zinazosimamia ukuaji wa ubongo wa mtoto katika miaka yake ya kwanza. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha mankozebu mwaka 2020.

Hapa ndipo imani ya wengi inapoyumba. Tumezoea kwamba kuchemsha ni kusafisha, na kwa viini vya kuhara ni kweli kabisa. Kwa mankozebu ni kinyume: nyanya isiyooshwa ikiingia kwenye sufuria, moto hauondoi shida bali huibadilisha umbo. Maji ya kuoshea yanapaswa kutangulia moto.

Taveta na unga mweupe wa ukutani

Kaunti hii ina historia yake na dawa zisizokubali kuondoka. Kati ya mwaka 1954 na 1959 serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika ziliendesha Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta. Kuta za nyumba za Taveta na za Pare, ng'ambo ya mpaka, zilipigwa dawa iitwayo dieldrini. Mbu walipungua sana na watoto wengi walinusurika, jambo ambalo haifai kulisahau tunapozungumzia ubaya wa kemikali hizo leo.

Baadaye ilieleweka kwamba dieldrini haivunjiki kwa urahisi, hujificha kwenye mafuta ya mwili, na hupita kwenye maziwa. Ndugu yake, aldrini, iliyotumiwa mashambani kuua mchwa, hugeuka kuwa dieldrini udongoni na hata ndani ya mnyama. Kwa hiyo maabara haipimi aldrini peke yake. Huzipima zote mbili na kuzijumlisha. Zote mbili zilikuwa miongoni mwa kemikali za kwanza kupigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2004. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo.

DDT ina hadithi kama hiyo. Ilikatazwa kwenye kilimo nchini Kenya mwaka 1986. Watafiti waliopima maziwa ya mama kutoka maeneo mbalimbali ya Kenya kati ya 1983 na 1985 walikuta DDT pamoja na DDE, ambayo ndiyo DDT inakogeuka. Kwa kulinganisha hizo mbili mtaalamu anaweza kusoma historia. DDE ikiwa nyingi na DDT kidogo, dawa ilitumika zamani. DDT ikizidi, kuna mtu anayeitumia sasa. Metaboliti, kwa maneno mengine, ni shahidi pia.

Neno moja lazima lisemwe hapa bila kuzungukazunguka. Matokeo hayo hayakumfanya daktari yeyote wa maana amshauri mama aache kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, na kuendelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi pamoja na vyakula vingine. Mama wa Ndara anayesoma makala haya akaamua kununua maziwa ya kopo atakuwa ameyasoma vibaya.

Kwa nini mtoto ana kipimo chake

Chukua mtoto wa kilo 8 anayekunywa kikombe cha uji cha gramu 240. Amekula gramu 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Baba yake wa kilo 64 angelazimika kunywa karibu lita 2 za uji huohuo kwa mkao mmoja ili amfikie. Na baba hula nyama kesho, ugali kesho kutwa, wali Jumapili. Mtoto hunywa uji uleule, kutoka gunia lilelile, kila siku kwa miezi. Ini na figo zake bado zinajifunza kazi.

Mwaka 1993 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba viwango vilivyowekwa kwa kumfikiria mtu mzima havimtoshi mtoto. Miaka 3 baadaye nchi hiyo ilipitisha sheria inayotaka watoto waongezewe kinga mara 10 pale ambapo ushahidi haujatosha. Ulaya ilikwenda njia nyingine mwaka 1999: chakula cha watoto kinachouzwa kwenye kopo au pakiti kisizidi miligramu 0.01 za dawa yoyote kwa kila kilo.

Namba hiyo ni ndogo kiasi gani? Ni sawa na gramu 1, yaani ncha ya kijiko cha chai, iliyotawanywa kwenye tani 100 za chakula. Panga malori 10 ya tani 10 kuanzia stendi ya Voi, yajaze uji, kisha tafuta hiyo gramu. Kwa kemikali chache zenye ukali wa pekee kikomo hushuka zaidi. Omethoeti, dieldrini na aldrini zimo kwenye orodha ya zile zisizoruhusiwa kabisa kwenye mazao ya chakula cha watoto, na maabara huhesabu kwamba hazikutumika pale tu kipimo kisipozidi miligramu 0.003 kwa kilo. Orodha hiyo ina majina mengi ya metaboliti kuliko mtu angetarajia, kwa sababu ile tuliyoiona kwenye maharagwe.

Linganisha na nafaka ya kawaida. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula ambacho Kenya ni mwanachama wake, huruhusu hadi miligramu 7 kwa kilo za dawa ya ghala iitwayo pirimiphos-methyl kwenye punje za nafaka. Hiyo ni mara 700 ya kikomo cha Ulaya cha chakula cha watoto. Si kwamba Codex haijali. Kiwango hicho ni cha punje ghafi ghalani, ambayo bado itapepetwa, itakobolewa, itasagwa na kupikwa, na kwa vyakula vya watoto vilivyotengenezwa kwa nafaka Codex yenyewe hutaka mabaki ya dawa yasiwepo, au yapunguzwe kadiri inavyowezekana. Lakini mzazi anayechota mahindi ya gunia lililotiwa dawa, akayapeleka kwenye mashine ya kusaga yakiwa na maganda yake, ameruka hatua zote za katikati.

Ndani ya maabara

Kipimo hiki hakifanywi na maabara ya hospitali. Ile ya Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, hupima damu, mkojo na makohozi ya wagonjwa. Mabaki ya dawa kwenye chakula ni kazi ya maabara za kemia kama ile ya KEPHIS jijini Nairobi, za Shirika la Viwango la KEBS, na za Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Sampuli ikifika, kwanza husagwa yote hadi iwe kitu kimoja, kwa sababu dawa haikai sawasawa: nyanya moja huwa nayo, jirani yake haina. Kisha huchotwa gramu 10 tu. Njia inayotumiwa sana duniani inaitwa QuEChERS, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya haraka, rahisi, nafuu, yenye matokeo, imara na salama. Ilichapishwa mwaka 2003 na Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao. Kabla yake, sampuli moja ingeweza kula siku nzima na chupa nyingi za kemikali. Sasa gramu hizo 10 hutiwa kimiminika kiitwacho asetonitrili, zikatikiswa, zikaongezwa chumvi mbili, zikazungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi maji yajitenge chini na asetonitrili ielee juu ikiwa imebeba dawa. Rangi na mafuta huondolewa, na tone dogo huingizwa kwenye mashine kubwa.

Mashine hiyo hufanya kazi mbili. Sehemu ya kwanza, kromatografia, huzipanga kemikali mstari mmoja ili kila moja ifike mwisho kwa dakika yake. Sehemu ya pili, spektrometa ya masi, hupima uzito wa kila molekuli, huivunja makusudi, kisha hupima vipande. Kemikali mbili zinaweza kufanana uzito, lakini ni nadra zivunjike kwa namna ileile na pia zifike dakika ileile. Ndiyo maana tokeo la mashine hii linakubalika hata mahakamani.

Na sasa shimo lenyewe, ambalo hata wafanyabiashara wenye uzoefu hutumbukia. Mashine haitafuti kila kitu. Hutafuta majina iliyopewa kwenye orodha. Orodha ya dawa 300 inaonekana ndefu, lakini mankozebu kwa kawaida haimo. Haiyeyuki vizuri kwenye asetonitrili, basi haiwezi kupitia QuEChERS. Hupimwa kwa njia ya pekee: sampuli huchemshwa kwenye asidi, dawa ikavunjika na kutoa gesi ya kaboni disulfaidi, na gesi hiyo ndiyo inayopimwa. ETU nayo huhitaji njia yake. Dawa ya magugu ya glaifoseti ni vivyo hivyo, pamoja na metaboliti yake iitwayo AMPA. Kwa hiyo karatasi inayosema "hakuna dawa iliyopatikana" kwenye nyanya, bila kipimo cha mankozebu, huenda haikuulizia dawa ambayo nyanya hiyo ilipigwa kila wiki.

Kuna upande wa pili wa shilingi, na wakulima wa kabichi wa Wundanyi wanastahili kuujua. Kabichi, sukuma wiki na vitunguu hutoa kaboni disulfaidi kiasi fulani zenyewe, kwa asili yao. Kipimo cha gesi peke yake kinaweza kumshtaki mkulima asiyegusa mankozebu msimu mzima. Mkulima wa kabichi akipewa tokeo la aina hiyo ana haki ya kuuliza kama jambo hili lilizingatiwa.

Jambo la tatu la kuangalia kwenye karatasi ni kiwango cha chini ambacho maabara inaweza kupima. Ikiwa mashine haioni chini ya miligramu 0.05 kwa kilo, neno "haikupatikana" halisemi chochote kuhusu kikomo cha 0.01 cha mtoto. Ni kama kumpima mtoto mchanga kwa mizani ya magunia.

Gunia la mahindi

Kwa familia nyingi za Ndara nyanya ni kidogo na mahindi ni mengi, kwa hiyo dawa inayostahili kufikiriwa zaidi ni ile ya ghala. Hapa pia kaunti ina nafasi yake kwenye historia. Dumuzi, yule mdudu mweusi anayetoboa mahindi na hata mbao za ghala, alionekana Kenya kwa mara ya kwanza Taveta mwaka 1983, akiwa amevuka kutoka Tanzania. Dawa za fukuzi wa kawaida hazikumtosha. Ndipo zikaenea dawa za unga zenye mchanganyiko wa kemikali mbili, pirimiphos-methyl kwa ajili ya fukuzi na pamethrini kwa ajili ya dumuzi. Zimeokoa mavuno mengi, na hakuna anayewaambia wakulima waziache ghala zima.

Ila fungu la mtoto linaweza kutengwa. Debe moja au mawili ya mahindi ya uji, yaliyokauka vizuri, yawekwe bila dawa yoyote kwenye gunia la kuzuia hewa, lile linalouzwa kwa jina la PICS: mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Likifungwa vizuri wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Gunia hilo halivumilii kufunguliwa kila siku, hivyo ni bora kuchota ya wiki mbili au tatu kwa mara moja. Ukavu hupimwa kwa chumvi: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi bado yana maji na yarudi juani.

Kama mahindi tayari yametiwa dawa, muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti uheshimiwe kwanza. Baada ya hapo yapepetwe na yakobolewe kabla ya kusagwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa hiyo hubaki kwenye ganda na pumba. Wapo wanaoyaosha pia. Hilo linasaidia, lakini mahindi yaliyooshwa yakisagwa au kuwekwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na sumu ya kuvu ni hatari kubwa kuliko dawa tunayoikimbia. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Anayeosha ahakikishe ana jua la kutosha siku hiyo.

Mbegu ya kupanda iliyotiwa rangi, ya waridi, kijani au samawati, isiliwe kamwe, hata njaa iwe kali na hata ioshwe mara ngapi. Rangi ile iliwekwa ili ionekane. Mtoto aliyekula mbegu hiyo, au aliyegusa dawa akaanza kutoka mate mengi, jasho, kutapika au kupumua kwa shida, akimbizwe hospitalini pamoja na pakiti ya dawa yenyewe, kwa sababu daktari huanza matibabu kwa kusoma jina lililoandikwa pale.

Nyanya sokoni

Nyanya zenye vumbi jeupe au la samawati huonekana kwenye masoko mengi ya Pwani, na wapo wanunuzi wanaolipenda kwa kuamini kwamba nyanya hiyo itakaa. Vumbi hilo mara nyingi ni dawa ya kuvu. Habari njema ni kwamba kwa kuwa liko juu ya ngozi, maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono huondoa sehemu nzuri yake. Kumenya nyanya ya mtoto huondoa zaidi. Sabuni haihitajiki. Jik haifai kwa kazi hii: klorini inaweza kuzigeuza baadhi ya dawa za wadudu kuwa vizazi vikali zaidi, jambo lilelile ambalo makala haya yanahusu. Kwa dawa zinazoingia ndani ya tunda, kuosha hakufui dafu. Hapo ulinzi pekee ni mkulima aliyehesabu siku zake. Mnunuzi anayemjua mkulima wake anaweza kumuuliza alipiga lini, na swali hilo likiulizwa na wanunuzi kumi kwa siku lina nguvu yake.

Unga wa uji wa pakiti uwe na alama ya ubora ya KEBS. Namba ya kibali chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi: andika SM, alama ya #, kisha namba, utume kwa 20023.

Anayetaka kupimiwa

Kipimo cha aina hii ni ghali, kwa mbali kuliko gunia la mahindi, na hakuna familia inayotarajiwa kujilipia. Kikundi cha akina mama wanaosaga unga wa lishe kwa kuuza, chama cha wakulima au mwenye mashine ya kusaga ni jambo lingine. Kwao tokeo moja lililopimwa vizuri hulinda jina la biashara kwa msimu mzima. Mwananchi mwenye shaka kuhusu chakula kinachouzwa aanze kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yake, ambaye sheria inampa mamlaka ya kuchukua sampuli dukani au sokoni. Shaka kuhusu dawa yenyewe, kwa mfano pakiti isiyo na namba ya usajili, hupelekwa kwa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, au kwa afisa wa kilimo wa wadi.

Sampuli ya nyanya iwe angalau kilo 1 na isipungue nyanya 10, zilizochaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za kreti na si juu tu. Unga nao uwe kilo 1, uliochotwa juu, katikati na chini ya gunia. Usioshe, usimenye, usiweke kwenye mfuko uliowahi kubeba dawa au mbolea. Mboga zisafirishwe zikiwa baridi na zifike haraka, kwa kuwa dawa huendelea kugeuka hata ndani ya mfuko.

Kwenye fomu ya maabara usiandike tu "kupima dawa". Andika kwamba ni chakula cha mtoto chini ya mwaka 1 ili wajue kikomo ni 0.01. Taja dawa zote zilizotumika shambani na ghalani, ukiwa na pakiti mkononi. Kwa nyanya na viazi omba mankozebu na ETU kwa majina yao, kwa maharagwe na njegere dimethoeti pamoja na omethoeti, na kwa mahindi ya ghala pirimiphos-methyl na pamethrini. Kabla ya kulipa, omba uoneshwe orodha ya kemikali zitakazopimwa, na kiwango cha chini ambacho mashine yao inaweza kuona kwa kila moja.